Kipande Kisafiri, Mgonjwa Abaki: Barua ya wazi kutoka Tukuyu

Kwa Waziri wa Afya. Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa. Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Na waheshimiwa wabunge wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Rukwa na Ruvuma.

Yah: Kipimo cha vinasaba na vidonge vya saratani ya mapafu

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimefundisha Baiolojia sekondari kwa miaka thelathini na moja, na barua nilizoiandikia serikali sizihesabu tena. Nyingi zilikuwa za kuomba darubini. Darubini zilikuja mbili, moja kioo kimepasuka. Kwa hiyo najua barua hufika, na najua pia hufikaje. Hii naiweka hadharani ili isipate faili la kulalia.

Ninachoomba nakisema kabisa kabla sijaeleza. Mgonjwa wa saratani ya mapafu wa huku kwetu apimwe vinasaba vya uvimbe wake kabla hajaanzishiwa dawa. Kinachosafiri kwenda maabara kiwe kipande cha uvimbe, yeye abaki kwake. Na majibu yakirudi, kidonge kinacholingana nayo kiwe kipo. Mengine yaliyomo humu ni maneno ya mwalimu aliyezoea kurudia somo.

Mdogo wangu wa kike alianza kukohoa msimu wa chai nyingi, masika. Hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo swali aliloulizwa na kila mtu, kuanzia muuguzi hadi kondakta wa basi: "Mama, ulikuwa unavuta?" Naam, alikuwa anavuta. Alivuta moshi wa kuni kwa miaka hamsini, katika jiko la udongo lenye tundu moja la hewa, maana baridi ya Rungwe mwezi wa saba haimruhusu mtu kupikia nje. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa kuni za ndani ya nyumba katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Nafurahi kwamba mna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Mdogo wangu yeye alikwisha kupika vya kwake.

Kikohozi cha wiki mbili huku kwetu kina jina moja tu. Makohozi yakapimwa, hayakuonyesha kitu. Yakapimwa tena, kimya. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kuangalia dalili na picha ya eksirei, ambayo ilikuwa na wingu upande wa kulia. Simlaumu yule tabibu. Katika mkoa ambao TB imezika watu wengi kiasi hiki, wingu kwenye pafu ni TB mpaka lithibitishe vinginevyo, na tatizo ni kwamba hakuna aliyelidai uthibitisho. Mwezi wa pili wa dawa alikuwa amepungua kilo. Mwezi wa nne akawa anapumzika mara tatu kati ya nyumbani na kisimani. Mwezi wa sita alimaliza dozi, akapongezwa kwa kutoruka hata siku moja, kadi ikaandikwa kwamba amemaliza matibabu, akarudi nyumbani anakohoa.

Kilichofuata mnakijua, maana kila familia ya Nyanda za Juu ina simulizi yake ya aina hiyo. Maji yalijaa kwenye pafu. Kukawa na safari ya kutafuta kipimo cha CT (picha ya kina ya ndani ya kifua), kadi ya CHF, bima ya afya ya jamii, iliyofika ukomo wake, shemeji zake wakiuza ng'ombe. Tukafika kwenye hospitali kubwa, nisiyoitaja, na hapo hatimaye daktari akaingiza sindano ndefu akatoa kipande cha nyama, chembamba kama njiti ya kiberiti iliyovunjwa nusu.

Naomba tukae kwenye kipande hicho kidogo.

Kiliwekwa kwenye kichupa cha fomalini, kikabandikwa jina, kikawekwa dirishani. Kilikaa hapo siku ishirini na sita. Mara karatasi ya maombi ilikosa mhuri, mara aliyekuwa akipeleka sampuli alikuwa likizo, mara tukaambiwa tukipeleke wenyewe kisha tukaambiwa haturuhusiwi kukibeba. Nilikiona kwa macho yangu kila nilipopita. Sikujua wakati ule, na laiti ningejua ningelala pale dirishani, kwamba fomalini inayoihifadhi nyama kwa macho ya darubini huiharibu kwa macho ya kipimo cha vinasaba. Nyama inatakiwa ikae humo masaa machache hadi siku mbili hivi, kisha itolewe na kugandishwa kwenye nta ya parafini. Ikizidi mno, nyuzi za DNA zinakatikakatika kama kamba ya mgomba iliyolala mvuani.

Majibu ya darubini yalirudi: adenokasinoma ya pafu, aina mojawapo ya saratani ya mapafu. Daktari, binti mdogo anayeweza kuwa mwanafunzi wangu, alitukalisha chini vizuri akasema: "Mwalimu, zamani ningemwandikia kemo, zile dawa kali za kuua seli za saratani, leo leo. Lakini mama hajavuta sigara, na aina hii ya saratani kwa mtu asiyevuta mara nyingi ina badiliko la jeni. Akiwa nalo, kuna kidonge." Akaomba kipande kilichobaki kipimwe. Jibu likaja kwamba kilichobaki hakifai, DNA imeharibika. Kuchoma sindano mara ya pili hakukuwezekana. Hakuwa na pumzi ya kulalia.

Niruhusuni sasa niingie darasani, maana nina hofu kwamba baadhi yenu mnaopanga bajeti mnadhani haya ni mambo ya anasa.

Kila seli ya mwili ina maandishi yake ya urithi, na maandishi hayo yakibadilika herufi moja maana yote hugeuka, kama "kula" inavyokuwa "kufa". Juu ya seli za mapafu kuna kipokezi kinachoitwa EGFR. Kazi yake ni kupokea ujumbe kwamba sasa seli igawanyike, kuupitisha ndani, kisha kuzima. Kwa baadhi ya wagonjwa jeni yake imeharibika. Ama kipande kifupi kimenyofoka mahali paitwapo eksoni ya 19, ama herufi moja imebadilika eksoni ya 21. Makosa hayo mawili ndiyo mengi kuliko yote ya jeni hiyo. Swichi inanata. Mmewahi kuona mashine ya kusaga ambayo swichi yake imeungulia kwenye kuwaka? Mahindi yamekwisha, watu wamekwenda, yenyewe inanguruma mpaka inapasua chujio. Kemo ni kuimwagia maji mashine nzima pamoja na kibanda. Inaweza kuzima, na mengi yatazima nayo. Kidonge cha tiba lengwa, yaani dawa inayolenga kosa hilo tu, kinaingia kwenye tundu lile lile ambalo kipokezi hutumia kuchukulia nguvu, kinaketi hapo, na mngurumo unakatika.

Ajabu ni kwamba dawa ilitangulia maarifa. Gefitinibu, kidonge cha kwanza cha EGFR, iliruhusiwa Japani mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003 (majina haya nayaandika jinsi muuguzi wetu alivyoyatamka, atakayeenda duka la dawa atasoma boksi), na wakati huo hakuna aliyeweza kueleza kwa nini ilimwinua mgonjwa mmoja kitandani na kumwacha jirani yake vilevile. Mwaka 2004 watafiti wa Boston na New York wakaonyesha kwamba walioinuka walikuwa na mabadiliko ya EGFR kwenye uvimbe. Mwaka 2007 Hiroyuki Mano na wenzake wa Japani wakapata kosa jingine, jeni ya ALK iliyoungana na jeni isiyo mwenzake, na mwaka 2011 dawa yake ya kwanza ikaruhusiwa Marekani. Baada ya hapo milango imefunguka mmoja mmoja, ya jeni nyingine: ROS1, BRAF, na mwaka 2021 hata aina moja ya KRAS, jeni ambayo kwa miongo kadhaa ilisemwa haishikiki.

Lakini takwimu ninayotaka muikumbuke ni moja tu, ya utafiti wa Asia ya Mashariki uliochapishwa 2009, uliolinganisha gefitinibu na kemo. Kwa wagonjwa waliokuwa na badiliko la EGFR, uvimbe ulipungua kwa watu 71 katika kila 100 waliomeza kidonge, dhidi ya 47 waliopata kemo. Kwa wasiokuwa nalo, kidonge kilimsaidia mtu 1 katika 100, na kemo ikawasaidia zaidi ya 20. Soma tena mistari hiyo miwili, mheshimiwa. Kidonge kile kile ni mkombozi kwa mmoja na ni pipi chungu kwa mwingine, na kwa kumtazama usoni huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana sikuja kuomba vidonge peke yake. Mkivileta bila kipimo mtawaumiza watu na kupoteza fedha, na nitakuwa wa kwanza kuandika barua nyingine ya kulalamika.

Ni wangapi huku kwetu wenye badiliko hilo? Ulaya na Marekani ni kama 10 hadi 15 katika kila 100 wenye adenokasinoma ya pafu. Asia ya Mashariki wanakaribia nusu. Afrika tumepimwa kidogo mno, na nimekwisha kusikia ofisa mmoja akilitumia hilo kama sababu ya kutopima. Hoja ya namna hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili angeadhibiwa nayo.

Mdogo wangu alipimwa kwa damu. Uvimbe huvujisha vipande vya DNA yake kwenye damu, na tangu 2016 kimeruhusiwa Marekani kipimo cha kuvitafuta humo. Majibu yakiwa hasi hayakuondolei shaka, lakini yakiwa chanya yanatosha kuanzia dawa. Kundi la WhatsApp la ukoo lilichangishana, wa Kyela, wa Chunya, wa Dar, na kijana mmoja aliyeko Lusaka ambaye hatukujua kama bado anatukumbuka. Damu ikasafirishwa nje ya nchi. Baada ya wiki tatu majibu yakarudi kwa simu: eksoni ya 19, kipande kimenyofoka. Sikuwahi kudhani ningeshangilia kosa la jeni. Nilishangilia peke yangu barabarani, nikiwa nimeshika mkungu wa ndizi.

Kidonge kimoja cha gefitinibu kwa siku, miligramu 250. Alianza Jumatatu. Siku ya kumi na mbili alilala chali usiku mzima, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi minane. Mwezi wa pili alikwenda kanisani kwa miguu. Mwezi wa tatu niliambiwa yuko shambani anachuma chai, nikaenda kumgombeza, akanijibu kwamba mikono haina saratani.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyetutayarisha nalo. Dawa hizi hutoa vipele usoni na kifuani, vyekundu kama chunusi za mtoto wa darasa la saba, na mara nyingine kuhara. Hospitali wanajua, hutibika, hata huchukuliwa kama ishara kwamba dawa inafanya kazi. Lakini mwanamke aliyekonda, anayekohoa, mwenye vipele, Mbeya? Mnajua kijiji kilisema nini. Kulikuwa na wanawake walioacha kumuazima sufuria. Alipima virusi vya UKIMWI mara mbili ili tu apate karatasi ya kuonyesha, na hata hiyo karatasi nani angeisoma. Mkija kuandaa utaratibu wa dawa hizi, naomba muuguzi wa kueleza vipele awemo tangu siku ya kwanza.

Vidonge tulivipata kwa mtu aliyekuwa akienda India na kurudi. Boksi la siku thelathini. Boksi la kwanza ng'ombe mmoja, la pili ng'ombe mwingine, la tatu mchango, la nne kipande cha shamba la chai alichoachiwa na mumewe. Kuanzia la tano binti yake aligundua kwamba mama anameza siku moja anaacha siku moja, ili boksi lifike miezi miwili. Mgonjwa mwenyewe hakutuambia. Alikuwa amemaliza dozi ya TB bila kuruka hata siku moja kwa sababu dawa zile ni bure. Kikohozi kilirudi mwezi wa saba. Tumemzika mwezi wa tisa.

Sisemi angekuwa hai hadi leo. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba saratani iliyokwisha kusambaa vidonge hivi huinyamazisha, haviiondoi. Kwa zaidi ya nusu ya wanaomeza gefitinibu au mwenzake erlotinibu uvimbe hujifunza ukwepaji wa aina moja, badiliko liitwalo T790M, na dawa iliyotengenezwa kulizunguka, osimertinibu, ipo tangu 2015. Ikitumiwa tangu mwanzo inazishinda hizo za zamani: katika utafiti mmoja mkubwa ugonjwa ulitulia kwa miezi 18.9 dhidi ya miezi 10.2. Wa ALK wanakaa muda mrefu zaidi ya hapo kwa dawa zao. Kwa mtu mwenye watoto wa shule, miezi hiyo ni kidato kizima. Mdogo wangu alipata sita, miwili kati yake akiigawa nusu.

Sasa nirudi kwenye ombi, na hapa nitaongea kama mkazi wa Mbeya, maana sisi siyo wageni wa mambo haya.

Mashine ya GeneXpert, ile inayosoma vinasaba vya TB kwa masaa mawili na ambayo leo mnaipeleka hadi wilayani, ilifanyiwa tathmini zake za awali hapa hapa Mbeya, katika kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na matokeo yakachapishwa 2011. Makohozi ya watu wetu yalisaidia dunia kuiamini. Kituo hicho kina watu wanaojua kutoa DNA, kuizidisha na kuisoma. Wamefanya hivyo kwa TB na virusi kwa miaka mingi. Kutafuta kasoro mbili tatu kwenye jeni ya EGFR ni kazi ya jamii ile ile, inahitaji vitendanishi vyake, mafunzo na udhibiti wa ubora. Sioni aibu kuuliza kwa nini mdudu wa TB asomwe jeni zake Mbeya na mama mwenye uvimbe asisomwe zake.

Na kama kwa sasa haiwezekani, basi kipande kisafiri. Nta ya parafini yenye nyama ndani ni ndogo kuliko kiberiti. Haihitaji friji wala barafu. Inakaa miaka kwenye droo. Basi la usiku linaloshuka Kitonga na kupita Mikumi hubeba barua, maparachichi, simu mbovu na vifaranga, na kufika Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800, kabla ya jua kuwa kali. Linashindwaje kubeba kiberiti? Damu za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI mnazikusanya kila wiki kutoka zahanati zilizoko nyuma ya milima, na matone yaliyokaushwa ya damu za watoto wachanga pia. Njia ipo, pikipiki zipo, daftari za kusaini zipo. Ongezeni kisanduku kimoja. Kinachosafiri leo ni mgonjwa mwenyewe na mtu wa kumsindikiza, anakwenda kulala kwa ndugu wa Mbagala asiyemtarajia, anasubiri majibu wiki nne huku akila akiba ya ada.

Mabadiliko mengine hayahitaji hata shilingi. Saa ya kutumbukiza nyama kwenye fomalini iandikwe kwenye karatasi, na awepo mtu mwenye jina anayewajibika ikipita siku mbili. Mgonjwa wa TB ambaye makohozi yake hayana mdudu na hana nafuu baada ya miezi miwili ya dawa apelekwe kupigwa CT bila kusubiri amalize sita. Hili la pili naomba mlichukulie kwa uzito kwa ajili ya wanaume wa Chunya wanaochimba dhahabu bila barakoa. Vumbi la mawe huleta silikosisi, hualika TB, na ni kisababishi cha saratani ya mapafu kinachojulikana. Baba zetu waliokwenda Joni (Johannesburg) kuchimba kwa Wenela, wakala aliyeajiri watu wa migodi, walirudi na redio, baiskeli na kifua. Hakuna aliyewahi kujua kilichokuwamo kwenye vifua vile.

Kuhusu bei. Natarajia kuambiwa kwamba saratani ya mlango wa kizazi inaua wengi zaidi, na ni kweli. Haitanifanya ninyamaze. Wagonjwa wa mapafu watakaokutwa na badiliko la EGFR kila mwaka katika kanda nzima watakuwa wachache, na uchache huo ni sababu ya kuanza, maana hautaibomoa bohari ya mtu. Erlotinibu iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, na gefitinibu na afatinibu zikatajwa kama mbadala wake. Dawa muhimu, waheshimiwa, orodha ile ile yenye parasetamoli. India hutengeneza za jeneriki, yaani nakala za dawa hizo hizo. Na kwa zile mpya ambazo bado zina hatimiliki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni inao msamaha wa Shirika la Biashara Duniani wa kutolazimika kulinda hatimiliki za dawa hadi Januari 2033. Umaskini wetu umetupa mlango mmoja tu wa maana, nao una tarehe ya kufungwa.

Mkurugenzi wa Bohari, naomba dawa hizi zipate msimbo na mahali pake katika ghala la Mbeya. Mkurugenzi wa Bima, bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Naomba kipimo na kidonge viandikwe kwenye kitita kwa pamoja, mstari mmoja, ili asije mtu akalipiwa kujua ugonjwa wake na kunyimwa dawa yake, au kinyume chake. Waheshimiwa wabunge, ninyi naomba swali moja la msingi na moja la nyongeza katika kikao kijacho. Mwenye kuliuliza wa kwanza nitampigia kampeni bure, wa chama chochote.

Na msiniambie wananchi hawataweza kumeza kwa wakati. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, alisema Waafrika wengi hawajawahi kuona saa, hivyo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hazitatufaa. Wakati huo hapa Mbeya tulikuwa tunazika Jumamosi na Jumapili, na shule yangu ilikuwa na walimu sita kati ya kumi na wanne. Dawa zikaanza kutolewa na serikali mwaka 2004. Nenda kliniki yoyote ya CTC, ya tiba ya UKIMWI, leo, waulize kina mama wanaouza ndizi nje saa ngapi wanameza. Watakutajia saa na dakika. Wagonjwa wa leukemia sugu, saratani ya damu, nao, miaka mingi sasa, wanapewa kidonge cha imatinibu bila malipo katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kupitia mpango wa msaada wa kimataifa. Nayo ni tiba lengwa, kaka mkubwa wa hizi ninazoziombea. Hakuna jambo geni katika barua hii isipokuwa kiungo. Wakati huu ni pafu.

Nawasilisha.

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Tukuyu, Rungwe

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Mbeya. Mganga Mkuu wa Mkoa. Yule daktari binti, popote alipohamishiwa. Mwenyekiti wa kijiji chetu, aliyetunza daftari la michango, na ambaye juzi amenieleza kwamba kitongoji cha pili kuna mwanamke wa miaka arobaini na minne, havuti sigara, makohozi yake hayana kitu, yuko mwezi wa nne wa dawa za TB, na bado anakohoa.